Mafanikio ya mwanamke mfanyabiashara yapimwe kwa kipimo gani?

Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama wa Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, swali la nani amefanikiwa huzua ubishi usioisha upesi. Wapo wanaomtaja aliyeanza na debe moja la mchele wa Kyela na sasa anapakia magunia kwenye lori la Dar es Salaam. Wengine humtaja yule ambaye meza yake haijakua sana, lakini watoto wamesoma, nyumba imeezekwa, na jioni humkuta jikoni kwake akiwa na utulivu.

Wanaotetea ukubwa wana hoja nzito. Mtaji mdogo hauna kinga: mtoto akilazwa siku tatu, au bei ya viazi ikiporomoka, unaliwa wote. Mwenye mtaji mkubwa hununua mchele wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akauhifadhi hadi bei ipande. Mwenye mdogo hununua leo na kuuza leo kwa bei yoyote atakayopewa, hata kama anajua kwamba miezi miwili mbele mzigo uleule ungemlipa vizuri zaidi.

Hata hivyo, kukua kuna gharama isiyoonekana sokoni. Nimemwona mama mmoja, alfajiri ya baridi ya Juni, akihesabu fedha kwa mwanga wa tochi ya simu na kuzigawa mafungu matatu: marejesho, mzigo mpya, na nyumbani. Fungu la nyumbani lilikuwa na noti moja. Duka lake ni kubwa, na majirani humtolea mfano, ilhali anafanya kazi ya kulisha mikopo ile ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu.

Lakini naomba tuwe waangalifu na sifa tunazommwagia mama anayeridhika na kidogo. Mara nyingi sifa hizo hutolewa na watu wanaonufaika yeye akibaki mdogo, na sijasikia mwanamume mwenye ghala akiulizwa kama aliwahi nyumbani kupika.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinapima kinachoonekana na kuacha swali zito zaidi: mali inayotokana na jasho lake imeandikwa jina la nani? Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Pamoja na hayo, faida ya parachichi za Rungwe au Njombe bado inaweza kujenga nyumba kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, na mama aliyeijenga asiwe na hati ya kuweka dhamana benki. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, lakini fedha hizo hupitia vikundi na haziwezi kumtosha kila mmoja. Asiye na dhamana huishia tena kwenye kausha damu, na ndipo ukubwa wa duka unapogeuka mzigo.

Wapo akina mama wanaonijibu kwamba kudai jina kwenye hati ni kuvunja amani ya ndoa. Siwabezi, kwa kuwa anayelala na ugomvi huo ni wao, si mimi. Ila sheria inaruhusu umiliki wa pamoja, na hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya ardhi ya kijiji, inaweza kubeba majina mawili, la mke na la mume, kwenye karatasi moja. Mazungumzo ya karatasi hiyo ni mepesi zaidi yakifanyika kabla ya tofali la kwanza kununuliwa.