Ripoti ya simba wa Afrika na hesabu iliyosahaulika

Ukitaja ripoti za makampuni ya ushauri wa menejimenti mbele ya wachumi wetu, jibu huja haraka: hayo ni matangazo ya biashara yenye majedwali. Na mfano unaotolewa mara nyingi ni ripoti ya Juni 2010 ya McKinsey Global Institute, tawi la utafiti la kampuni ya McKinsey, iliyoitwa Lions on the Move. Ndiyo iliyowaambia wawekezaji kwamba simba wa Afrika wameamka, na kwamba kufikia 2020 matumizi ya walaji barani yangefika dola trilioni 1.4 kwa mwaka.

Lawama zina msingi. Kampuni inayouza ushauri kwa benki, viwanda na serikali ina kila sababu ya kuwavutia wateja hao Afrika. Jina lenyewe la simba lilichaguliwa ili likae kinywani. Kisha ikaja Juni 2015: Nestlé ikatangaza kupunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wake katika nchi 21 za Afrika, na mkuu wake wa ukanda huo akasema waliitarajia Asia nyingine, wakakuta tabaka la kati ni dogo mno. Kubwa zaidi, Desemba 2024 tawi la McKinsey barani Afrika lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza kesi ya hongo nchini Marekani, kuhusu kandarasi za mashirika ya umma ya Afrika Kusini, Transnet na Eskom. Msomaji anayeuliza kampuni hiyo ina usafi gani wa kutupimia uchumi wetu hana kosa.

Lakini ripoti yenyewe husomwa na wachache kuliko wanaoilaani. Habari za Waafrika zaidi ya milioni 300 wa tabaka la kati, zilizowapoteza wafanyabiashara wengi, zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2011. Hesabu hiyo ilimjumuisha kila anayetumia kati ya dola 2 na 20 kwa siku, na wengi wao walikuwa chini ya dola 4. McKinsey ilihesabu kaya, na ilianzia kwenye kipato cha dola 5,000 kwa mwaka. Mizani hizo mbili hazilingani hata kidogo, ila lawama zimewekwa kapu moja.

Na moyo wa ripoti ile haukuwa utabiri. Ulikuwa swali kuhusu yaliyokwisha kutokea: kati ya 2000 na 2008 Pato la Afrika lilikua kwa asilimia 4.9 kwa mwaka, je, ukuaji huo ulitoka wapi? Wakati ule kila mtu alikuwa na jibu moja, mafuta na madini. Jibu la ripoti lilikuwa kwamba maliasili zilichangia moja kwa moja asilimia 24 tu. Hata ukiongeza matumizi ya serikali yaliyotokana na mapato ya maliasili hizo, unafika 32. Theluthi mbili zilizobaki zilitoka kwenye biashara ya jumla na rejareja, uchukuzi, simu, kilimo, viwanda.

Mtu makini atauliza: kwa takwimu zipi? Takwimu za nchi nyingi za Afrika zilikuwa mbovu, na hilo ni pingamizi zito kuliko hilo la Nestlé. Ila tazama kilichotokea nchi zilipobadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupimia uchumi. Ghana ilifanya hivyo Novemba 2010 na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 60. Nigeria ikafuata Aprili 2014, ukaongezeka asilimia 89. Kenya mwaka huohuo, asilimia 25. Nigeria ndiyo inayonishika zaidi. Sehemu ya mafuta na gesi katika Pato la Taifa ilishuka kutoka karibu theluthi hadi asilimia 14 hivi, na mawasiliano ya simu yakapanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi karibu 9. Takwimu zilikuwa mbovu kweli, lakini ubovu wake ulikuwa wa kuwaficha wauza vocha, wenye maduka na watengeneza filamu, watu walewale ambao ripoti ilisema ndio wanaousukuma uchumi.

Palipo na udhaifu ni kwenye makundi ambayo ripoti ya 2010 iliyagawa nchi za Afrika. Ethiopia iliwekwa pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Mali kwenye kundi la nyuma kabisa, wakati ilikuwa ikikua kwa kasi ambayo wengi wangeitamani.

Mwaka 2016 McKinsey ilirudi na ripoti ya pili, na vichwa vya habari vikachukua jambo moja: ukuaji wa bara umeshuka hadi asilimia 3.3 kwa mwaka. Ndani yake kuna mstari mwingine. Ukiacha nchi zinazouza mafuta na zile za kaskazini zilizotikiswa na maandamano ya 2011, Afrika iliyobaki ilikua kwa asilimia 4.4, kutoka 4.1 muongo uliotangulia.