Lubumbashi: kukosa kazi au kukosa ujuzi?

Makampuni ya hapa Lubumbashi yanasema watu wapo, mafundi hawapo. Vijana wanajibu kwamba mafundi wapo, kazi ndiyo haipo, na ikitokea inamwendea mwenye ndugu ndani.

Vijana wana hoja nzito. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba kwa mwaka, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliopata mshahara, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Leo Kongo nzima inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, ila mitambo ya sasa inahitaji mikono michache kwa kila tani. Tena migodi mikubwa mingi iko upande wa Kolwezi na Fungurume, ambako si jimbo letu tena tangu jimbo la Katanga ligawanywe kuwa majimbo manne mwaka 2015. Ukimfundisha kijana wa Katuba, komini ya hapa mjini, kuendesha mitambo ya mgodi, umemfundisha na kuhama.

Halafu kuna 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka kwa kile kilichoitwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Ujuzi walikuwa nao, wengine wa miaka mingi. Wapo walionunua basi dogo, wapo waliofungua duka, na kwa wengi pesa ikaisha upesi. Anayeamini kwamba ujuzi peke yake huleta kazi, awaeleze hao kwanza.

Hata hivyo makampuni hayadanganyi moja kwa moja. Pita kwenye karakana za Kenya (komini yetu, si nchi). Fundi anachomelea geti likanyooka, lakini mteja akimletea mchoro wenye vipimo, anamwita mtoto wa jirani amsomee. Akiulizwa bei, anataja jumla kutoka kichwani. Vijiti vya kuchomelea na umeme anavikumbuka geti likiwa limeshaondoka. Sheria ya 2017 ya ukandarasi mdogo inazipa kampuni za Wakongo nafasi ya kuhudumia migodi, lakini huingii bila usajili, ankara na kodi. Kwa hiyo anaingia mwenye mkoba, yaani mwenye karatasi hizo, kisha anamrudia fundi yuleyule na kumlipa kidogo.

INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, inafundisha ufundi tangu 1964, na kazi yake siidharau. Ila baba anayelisha nyumba kwa pesa ya siku hawezi kukaa darasani miezi sita, tena akifundishwa kwa Kifaransa huku kazi yake yote anaifanya kwa Kiswahili. Mimi ningempeleka mwalimu karakanani, jioni: kusoma mchoro, kupiga hesabu ya bei, na Kifaransa cha kutosha kuandika ankara.

Kuna watakaosema hivyo tutaongeza watengeneza mageti katika mji uliojaa mageti. Kwa sehemu wana haki, na hapo zamu ni ya makampuni. Yanayolalamika kwamba mafundi hakuna yabandike wazi, mapema, ni kazi zipi yanatafuta na mtu atapimwa kwa jaribio gani, na jaribio lenyewe lifanyike mbele ya watu. Mpaka leo, anayesoma tangazo la kazi hapa mjini hujiuliza kwanza nafasi hiyo imeshapewa nani.