Usimuwashie furu taa ya matumbawe

Ndani ya ndoo furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, alikuwa na mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano, tumbo jeusi. Mvuvi wa Igombe anayevua kwa ndoano pembeni ya visiwa vya miamba ndiye aliyeniletea, dume mmoja na majike wanne. Nikawazoesha maji taratibu, nikawaachia kwenye tangi langu la lita 90 sebuleni hapa Kirumba, Mwanza, kisha nikawasha taa mpya. Yule mwekundu akageuka mweusi.

Nilidhani anakufa. Nikapima joto la maji, nikachunguza mapezi, nikakaa macho hadi usiku wa manane. Asubuhi jua lilipoingia dirishani akawa mwekundu tena, anazunguka jiwe lake kama mwenye nyumba. Ndipo nikaelewa kwamba samaki hana tatizo, tatizo liko kwenye taa.

Taa yenyewe niliiagiza Dar es Salaam. Muuzaji aliniambia ni ya matumbawe, tena ya daraja la juu, nami nikaona taa inayoweza kulea matumbawe haiwezi kushindwa na furu. Wengi wetu tunaofuga samaki wa mapambo Kanda ya Ziwa tunanunua hivyo: tunatazama picha za matangi ya bahari yanayong'aa buluu, tunatamani, tunalipa. Nasema wazi kwamba tunakosea, na makosa hayo yanatufichia kilicho chetu.

Matumbawe ni wanyama, lakini ndani ya miili yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaowatengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Kwenye bahari safi wekundu wa jua humezwa katika mita chache za juu, lakini buluu hupenya kwenda chini sana. Kwa hiyo mwani wa matumbawe umezoea buluu, na taa zake zimejaa vijitaa vya buluu na zambarau, hasa kati ya nanomita 400 na 480 za urefu wa wimbi la mwanga. Wekundu ni kidogo mno, na samaki mwekundu asipopata mwanga mwekundu huonekana mweusi. Kwa mfugaji wa Tanga mwenye maji ya chumvi taa hiyo ina kazi. Mimi na bahari tumetenganishwa na zaidi ya kilomita 1,000 za barabara.

Ziwa letu lina mwanga wa namna nyingine kabisa. Maji yana mwani, udongo na mabaki ya mimea, na hayo humeza buluu kwanza. Ukienda chini, kinachobaki ni njano na wekundu, kama kutazama kupitia glasi ya chai ya rangi. Kule kisiwa cha Makobe ukishusha kisahani cheupe majini, kinapotea machoni kwenye mita 2 na ushee. Kisiwani Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza, ni nusu mita tu.

Dume wangu anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei. Ndiyo, Pundamilia ni neno letu, kwa ajili ya milia ya ubavuni, na nyererei ni Mwalimu Nyerere. Hilo la nyererei alipewa mwaka 1985. Ana ndugu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia. Pale Makobe wa buluu hukaa juu, mwekundu hukaa chini zaidi, kila mmoja mahali ambapo mwanga unaionyesha rangi yake. Majike wao wanafanana, wote wamefifia, na humtambua dume wao kwa rangi. Mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi: chini ya mwanga mweupe kila jike alimfuata dume wa aina yake, chini ya mwanga wa rangi moja, uchaguzi ule ukavurugika. Mwaka 1997 wakaandika katika jarida la Science kwamba kuchafuka kwa maji ya ziwa kunafuta aina za furu kwa njia hiyohiyo. Luanso leo wekundu na buluu wamechanganyika.

Habari hiyo haijanitoka moyoni. Sangara alikwisha kuwamaliza furu wengi miaka ya 1980, na waliosalia wanahitaji kuonana. Kumbe mtu anaweza kuharibu jambo hilohilo sebuleni kwake kwa kubonyeza swichi.

Basi nunua taa gani? Nyeupe inayoelekea njano kidogo, kelvini 4000 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Jihadhari na LED nyeupe za bei rahisi: nyingi ni chipu ya buluu iliyopakwa unga wa njano, na wekundu wake ni hafifu. Kwenye boksi tafuta herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, ambacho mwisho wake ni 100. Chukua ya 90 kwenda juu. Nguvu isikusumbue, tangi langu lina kina cha sentimita 35 na wati 10 zinatosha. Ile ya matumbawe ilikuwa na nguvu mno, ikaotesha mwani kwenye kioo na kwenye mawe ndani ya wiki mbili.

Mimi nawasha kwa taima, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na siwashi chumba kikiwa giza totoro, kwa sababu samaki hushtuka na kujigonga. Taa yangu ni ya volti 12, hivyo umeme ukikatika naiunganisha na betri ya sola. Pampu ya hewa ndiyo ya kwanza kuhudumiwa na betri hiyo, taa baadaye.

Jambo moja zaidi: sikuandika haya ili watu waende visiwani kuwazoa kwa ndoo na kuwauza. Watano wananitosha.

Wiki iliyopita jike mmoja aliacha kula, kidevu kimevimba. Furu hawa hulea mayai mdomoni. Kila jioni taa ikiwaka navuta kigoda, namtafuta nyuma ya jiwe, namkuta anatafuna polepole bila kumeza kitu.