Mhandisi wa programu akiona kosa, alieleze likaeleweka

Vijana wa hapa Mtwara wanaotengeneza programu wana kauli naisikia kila mara: kazi yangu ni kompyuta, maneno waachie wanasiasa. Wana sababu. Mwenye ulimi mwepesi na slaidi nzuri hubeba sifa za kazi ya mtu aliyekaa kimya pembeni, na ofisi inayotukuza ushawishi hujaa watu wa kujipendekeza kwa bosi. Hilo silipingi. Ila wanachanganya kujinadi na kueleza.

Tangu msimu wa 2024/25, korosho za stakabadhi ghalani, yaani zilizokusanywa ghalani kwa risiti kabla ya kuuzwa, zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima anachokiona kwa macho yake ni uzito kwenye mizani ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kisha fedha zikiingia akaunti. Hapo katikati ni mifumo ya kompyuta.

Tuseme chama kimetengenezewa programu ya kutunza hesabu za mapokezi, na kijana aliyeitengeneza anagundua kwamba inakata desimali: kilo 847.6 inasomwa 847. Anamwandikia meneja: "Kuna shida ya aina ya data kwenye safu ya uzito, naomba wiki mbili nirekebishe." Meneja, msimu umemkaba, anajibu: "Tutaangalia baadaye." Kijana anaona wajibu wake umeisha.

Haujaisha hata kidogo. Chukua wastani wa nusu kilo kwa kila mzigo, kilo ikiwa shilingi 3,000. Mkulima amepunjwa shilingi 1,500. Kwa mizigo 20,000 ni shilingi milioni 30, na hakuna mtu aliyeiba. Shilingi 1,500 haimpandishi mkulima wa Newala gari kwenda kulalamika, kwa hiyo kosa kama hilo linaweza kukaa misimu mitatu bila kelele. Aliyelijua ni mmoja tu, naye alilisema kwa lugha ya safu na data. Angeandika, "Kila mzigo unapunjwa, jumla inafika milioni 30, na mwanachama mmoja akipiga hesabu zake mwenyewe swali litaulizwa kwenye mkutano mkuu," meneja angempigia simu jioni ileile. Sentensi hiyo haihitaji ufasaha wa jukwaani. Inahitaji kujua msomaji wako anaogopa nini.

Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter, cha dola milioni 125, kwa kuwa programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Kinachoniuma ni kwamba wataalamu wa kuongoza safari walishaona hesabu hazikai sawa. Wasiwasi wao ulipita kwa njia zisizo rasmi, haukufuatiliwa ipasavyo.

Mtu atasema lawama ni ya wakubwa wasiosikiliza. Ni kweli, na meneja asiyeuliza "hii inamgusa nani?" ana sehemu yake. Lakini meneja hawezi kuuliza juu ya kosa asilojua kama lipo, na anayelijua ni mhandisi.

Vyuo vinavyofundisha kompyuta huku kusini vingeweza kuanza na zoezi moja: mwanafunzi aeleze kosa la desimali mbele ya wajumbe wa bodi ya AMCOS, wenyewe wakulima, bila kompyuta mezani. Akimaliza, wao ndio waeleze walichoelewa, na alama zitokane na maelezo yao.