Pauni 200 za baridi na fomu inayowafungia maskini mlango

Kila mwaka mwezi wa Novemba na Desemba, serikali ya Uingereza huwaingizia wazee fedha za kuwasaidia kulipia gesi na umeme wa kupasha nyumba joto. Zinaitwa Winter Fuel Payment. Zilianza mwaka 1997, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, na kwa miaka mingi utaratibu wake ulikuwa mwepesi kabisa: ukifikisha umri wa pensheni unapata pauni 200, ukifikisha miaka 80 unapata 300. Hakuna aliyekuuliza una akiba kiasi gani. Bwanyenye mwenye majumba matatu alipata, na bibi anayekaa sebuleni na koti na kofia ya sufu naye alipata.

Tarehe 29 Julai 2024, chama cha Labour kikiwa hakijamaliza hata mwezi madarakani, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alisimama bungeni akasema amekuta pengo la pauni bilioni 22 katika hesabu za nchi. Miongoni mwa makato aliyotangaza, moja liliangukia fedha hizo: kuanzia baridi ile zingekwenda kwa wanaopokea Pension Credit, yaani nyongeza ya wastaafu wenye kipato cha chini sana, na wachache wengine walio kwenye ruzuku za namna hiyo. Wapokeaji zaidi ya milioni 10 wangebaki takriban milioni moja na nusu. Hazina ingeokoa karibu pauni bilioni 1.5 kwa mwaka. Septemba bunge likapitisha kwa kura 348 dhidi ya 228. Mei 2025 Labour ikachapwa vibaya katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wake wakisema kila mlango waliobisha waliulizwa habari za pauni 200. Juni serikali ikala matapishi yake: kila mstaafu ambaye kipato chake hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka angezipata tena.

Wengi walikisoma kisa hiki kama siasa za kura, na siasa zilikuwepo tele. Ila ndani yake kuna swali ambalo sisi pia tumelijibu kwa njia mbili zinazopingana. Zanzibar tangu 2016 humlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, bila kumpima umaskini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, kwa upande wake huzitafuta kaya maskini kijiji kwa kijiji, na malalamiko ya waliosahaulika na waliopendelewa hayaishi. Umpe kila mtu na wenye nazo wafaidi bure, au uchuje na baadhi ya wahitaji wabaki nje ya chekeche?

Hoja ya Reeves si ya kudharauliwa, na waliomzomea hawakupenda kuisikiliza mpaka mwisho. Umaskini wa wazee Uingereza umepungua kwa karibu nusu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati umaskini wa watoto umepanda tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010: takwimu za serikali za mwaka 2023/24 zilihesabu watoto milioni 4.5 katika kaya maskini. Pensheni ya serikali ina ulinzi wa kupanda kila mwaka kwa mishahara, kwa bei au kwa asilimia 2.5, ipi iliyo kubwa. Posho za mama mwenye watoto wawili aliyepanga chumba chenye ukungu ukutani hazina ulinzi huo. Ukimkata kodi kijana wa miaka 25 anayepanga nyumba ili umpelekee pauni 200 mstaafu aliyekwisha maliza deni la nyumba yake, unahitaji sababu nzuri zaidi ya tarehe ya kuzaliwa.

Wakosoaji waliongeza kuwa fedha zenyewe huingia benki kama fedha nyingine yoyote, na mtu anaweza kuzinunulia mvinyo wa Krismasi. Hapa utafiti unawakatalia kidogo. Wachumi wa Institute for Fiscal Studies, taasisi ya utafiti wa fedha za umma, walipochunguza matumizi ya kaya hizo, waligundua kuwa karibu nusu ya fedha huishia kwenye nishati, kiasi kikubwa mno kuliko ambavyo kaya zile zile zingetumia kama zingeongezewa kipato kisicho na jina. Jina tu la malipo linamsukuma mzee kuwasha boila. Wale wanaosema ruzuku zote zikunjwe ziwe mfuko mmoja wa fedha taslimu wana kazi ya kulijibu hilo.

Kwa hiyo kanuni ya kuchuja ilikuwa na akili. Kilichoharibika ni chekeche lenyewe. Reeves aliamua kuwa mhitaji ni yule anayepokea Pension Credit, hali serikali yenyewe ilikuwa ikikadiria kuwa kaya zipatazo 880,000 zina haki ya kupokea nyongeza hiyo na hazijaiomba. Fomu yake kamili, magazeti yalihesabu, ilikuwa na maswali 243. Wazee wengine hawakuwahi kuisikia. Wengine waliisikia wakaona haya, maana kizazi kile kililelewa kuamini kuwa kuomba serikali ni aibu kwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, lakini kumwambia hivyo mjane wa miaka 84 ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akishughulikia barua zote hakumsaidii kujibu swali la 112.

Halafu kuna mstari wenyewe. Mtu anayeishi peke yake alistahili kama kipato chake kilikuwa chini ya pauni 218.15 kwa wiki. Aliyezidi kwa pauni moja, mwenye pensheni ndogo ya kiwandani labda, alipoteza pauni 200 au 300 kwa mkupuo. Wizara husika ilikiri Novemba 2024, kwa makadirio yake yenyewe, kuwa uamuzi huo ungewasukuma wazee wengine 50,000 hadi 100,000 kwenye umaskini, kutegemea mwaka unaoutazama.

Kilichonishangaza zaidi ni hesabu ya akiba. Serikali ilitangaza kwa bidii kuwa Pension Credit ina thamani ya wastani wa pauni 3,900 kwa mwaka, na ikawahimiza wazee waiombe ili wasikose fedha za baridi. Chukua wale 880,000. Hata ukisema kila mmoja angepata nusu tu ya wastani huo, wote wakijitokeza gharama ingezidi pauni bilioni 1.7, yaani zaidi ya kile alichotaka kuokoa. Mpango ungeleta faida kwa sharti moja: kwamba wengi wa wenye haki waendelee kukaa kimya. Sisemi Reeves alilipanga hivyo. Maombi yaliongezeka zaidi ya mara mbili katika miezi iliyofuata, na wizara ilihamisha watumishi kuyashughulikia. Lakini sera ambayo hesabu zake zinakaa sawa pale tu maskini wanapokosa haki yao haina budi kutiliwa shaka, hata kama aliyeiandika ana nia njema.

Suluhisho la Juni 2025 lilikuja kwa aibu, nami naliona bora kuliko yote mawili yaliyotangulia. Mzee analipwa bila kuomba. Aliyezidi pauni 35,000 anakatwa baadaye na mamlaka ya kodi, ambayo tayari inajua kipato chake, au anajitoa mwenyewe mapema. Akiba imeshuka hadi pauni milioni 450 hivi, na wapinzani wana haki ya kuuliza kama usumbufu wote ule ulistahili kiasi hicho. Tena kipimo ni cha mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nyumba ya wazee wawili wenye pauni 34,000 kila mmoja inabaki na fedha zote. Mstari wa 35,000 nao ni ukingo kama ule wa 218.15, tofauti ni kwamba anayetumbukia huku ana pa kushikilia.

Ila mjadala huu wote umewazunguka wazee. Kaya maskini ambazo hazina mzee zinategemea zaidi Warm Home Discount, punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme, lililoanza 2011. Tangu 2022, kwa England na Wales, nalo halina fomu: kompyuta za serikali zinalinganisha orodha ya wanaopokea ruzuku na orodha za kampuni za nishati, punguzo linaingia lenyewe. Mwanzoni kulikuwa na kigezo cha ajabu kidogo, kwamba nyumba yako ikadiriwe kuwa ghali kupashwa joto kwa kuangalia ukubwa, umri na aina yake. Mama mwenye mtoto mlemavu ndani ya fleti ndogo mpya alikosa, ingawa mtambo wa mtoto ulikula umeme usiku kucha. Kigezo hicho kimeondolewa kuanzia baridi ya 2025/26, na wanufaika wanakaribia kaya milioni 6.

Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake uko kwenye chanzo cha fedha. Punguzo hili limekuwa likilipwa na wateja wote wa nishati kupitia bili zao badala ya kutoka kwenye kodi. Kodi ya mapato humgusa zaidi mwenye nacho. Tozo ndani ya bili humgusa yeyote anayewasha taa. Na wapo wanaolipa tozo hiyo huku mlango wa kupokea umefungwa kisheria. Muuguzi au mlezi wa wazee aliyetoka Kisumu au Tanga kwa viza ya kazi, mwenye masharti ya kutotegemea fedha za umma, hawezi kupata Universal Credit, ruzuku kuu ya wenye kipato cha chini ambao hawajafikia umri wa pensheni. Kwa kuwa Universal Credit na ruzuku zinazofanana nayo ndizo zinazofungua Warm Home Discount, mlango huo nao haumfungukii. Anamgeuza mzee wa Kiingereza kitandani katika nyumba ya kulelea wazee yenye joto la kutosha, kisha anarudi chumbani kwake kuchangia punguzo la jirani. Watetezi wa sheria hiyo watasema aliyajua masharti kabla ya kupanda ndege, na kweli aliyajua. Hakujua kuwa angechangia.

Ndiyo maana baridi ya 2022 inafaa kukumbukwa. Kikomo cha bei kinachowekwa na msimamizi wa nishati, Ofgem, kwa nyumba ya kawaida kilitoka pauni 1,277 kwa mwaka Oktoba 2021 hadi 1,971 Aprili 2022, na kilitangazwa kufika 3,549 Oktoba ile kabla serikali haijaingilia. Serikali iliweka dhamana ya bei, na juu yake ikaipa kila nyumba pauni 400 kwa awamu sita. Haikuuliza viza, haikuuliza umri. Mlezi wa Tanga aliipata kama jirani yake, ilimradi akaunti ya umeme ilikuwa kwa jina lake. Matajiri wenye nyumba mbili waliipata mara mbili, na hilo lilisemwa sana.

Hata hivyo kumpa kila mtu hakukumfikia kila mtu. Mamilioni ya kaya Uingereza hutumia mita za kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, na wengi wao ni maskini. Wenye mita za zamani walitumiwa vocha kwa posta, barua pepe au simu, nyingi hazikutumika. Februari 2023 gazeti la The Times likafichua kuwa mawakala wa British Gas walikuwa wakiingia kwa nguvu katika nyumba za wadaiwa, wakiwemo wagonjwa na wenye watoto wadogo, kuwawekea mita hizo. Ofgem ikazitaka kampuni zote zisimamishe zoezi hilo. Kwa mita kama hiyo hakuna anayekuja kukukatia umeme. Salio linaisha, unajikatia mwenyewe, na huhesabiwi kama aliyekatiwa.

Wapo wanaosema fedha hizi zote ni kumwaga maji kwenye gunia, na kwamba dawa ni kuziba kuta na mapaa ya nyumba za Uingereza, ambazo ni miongoni mwa kuukuu zaidi Ulaya. Kimsingi nakubaliana nao. Lakini Oktoba 2025 mkaguzi mkuu wa hesabu aliripoti kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizofungiwa tabaka la kuzuia baridi kwenye kuta za nje kupitia mpango wa serikali uitwao ECO zilikuwa na kasoro za kurekebishwa. Mwezi uliofuata bajeti ikatangaza kuufunga mpango wenyewe. Kukarabati nyumba ni kazi ya miaka na ya mafundi wanaoijua. Bili ya Januari inakuja Januari.

Kwa hiyo naegemea wapi? Kwenye malipo yanayoingia yenyewe, yatoke kwenye kodi badala ya bili, na mwenye nacho afuatwe na mkono wa mtoza kodi baadaye. Wanaohofia serikali kuunganisha kumbukumbu za raia wana hoja. Wizara inayoweza kukutafuta ikupe inaweza pia kukutafuta ikunyime. Lakini kumbukumbu hizo tayari zinaunganishwa kukagua nani amedanganya. Baadhi ya halmashauri za London zimetumia zile zilizo mikononi mwao kuwatambua wazee wanaostahili Pension Credit na kuwaandikia barua, bila kusubiri wagonge mlango.

Kuna kundi ambalo njia hii hailifikii: wanaolipa kodi ya pango yenye umeme ndani yake, ambao jina lililo kwenye bili ni la mwenye nyumba, na wenye viza niliowataja. Kwao kimebaki kile kifuko cha halmashauri, kilichoitwa Household Support Fund hadi Machi 2026 na Crisis and Resilience Fund kuanzia Aprili 2026. Katika hali fulani halmashauri inaweza kumsaidia hata asiye na haki ya fedha za umma. Masharti hutofautiana mtaa hadi mtaa, fedha huisha katikati ya msimu, na mara nyingi mtu hupata kwa kujaza fomu.