York wanalipia mizuka ya wageni, ya kwao wanaificha

Ninaishi York, kaskazini mwa Uingereza, na sijaona mji unaopenda mizuka kama huu. Jioni watu hukusanyika karibu na kanisa kuu, wanalipa, halafu mtu mwenye koti jeusi na kofia ndefu anawazungusha vichochoroni akiwasimulia nani aliuawa wapi na huonekana dirisha gani. Wanacheka, wanapiga picha, wanaishia baa. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikikanywa kupiga kelele makaburini, na biashara hii imenishinda kuizoea. Wafu wale nao walikuwa na mama zao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaosimulia mizuka ya watu baki hawathubutu kusema wanapotokewa wenyewe.

Mtazameni Harry Martindale. Mwaka 1953, akiwa kijana anayejifunza ufundi wa mabomba, alikuwa kazini katika chumba cha chini ya ardhi cha jumba la Treasurer's House. Alisema alisikia tarumbeta, kisha askari wa Kirumi wakatokeza ukutani, wamechoka, miguu haionekani kuanzia magotini kushuka. Walipofika palipofukuliwa hadi barabara ya kale ya Warumi, miguu ikaonekana. Aliwaeleza rafiki zake, wakamcheka. Akanyamaza miaka mingi, akawa polisi, na habari yake ilikuja kuenea miaka ya 1970. Leo ndicho kisa maarufu kuliko vyote mjini.

Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293, akachapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walikuwa wamemwona, wamemsikia au wamehisi uwepo wa mwenzao aliyefariki, na wengi walisema jambo hilo huwafariji. Lakini wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Ninayaamini matokeo hayo kwa sababu ya kazi yangu. Nahudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi mmoja aliniambia mumewe huja magharibi, huketi kwenye kiti cha dirishani. Nilipomweleza mwenzangu, jibu lilikuwa: mkojo wake upimwe, huenda ana maambukizi. Kupima ni sawa, maana wazee huweweseka kwa maradhi hayo. Ila hakuna aliyemuuliza huyo mume alikuwa nani. Nilimuuliza mimi, tukazungumza mpaka chai ikapoa.

Nyumbani, mama akiamka na kusema usiku amemwona babu amekaa barazani, ataulizwa: alivaa nini? Kasema nini? Adhuhuri haijafika, watoto wa chuoni wameshaitwa kusoma Yasini na kula maandazi. Hapimwi wala hachekwi. Marehemu anaendelea kuwa baba wa watu, na jina lake linatajwa.

Sisemi kwetu kote ni heri. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Uingereza ilifuta mashtaka ya uchawi kwa sheria ya mwaka 1735. Sisi bado tunayo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Hapo wametupita mbali, na anayetetea mauaji yale kwa jina la mila simtambui.

Ninachokitetea ni kile kikao cha asubuhi cha kuulizana. Nawaona Waswahili wenzangu huku wakiacha kukifanya mbele ya watoto, wakiogopa kuonekana washamba. Matokeo yake, Oktoba ikifika na Halloween, sikukuu yao ya mizuka, mtoto anavikwa shuka jeupe aende kugonga milango ya majirani, na jina la mama mzaa bibi yake halijui. Mwaka huu, kabla ya kumvisha lile shuka, mpigieni bibi simu. Mtoto amuulize huyo mama mzaa bibi alipenda kupika nini, alizikwa wapi, na kama bibi huwa anamwona.