Pete Muldoon alifanya sawa kukataa kombe la mezani

Kila mjadala wa fainali za Stanley Cup za 1919 ukianza lazima atokee mtu aseme Seattle walidhulumiwa, kwamba wapinzani wao walishindwa kuleta timu uwanjani kwahiyo kombe lilikuwa lao na kocha wao Muldoon alitakiwa alichukue. Mimi kwenye hili siko nao kabisa, na nimelifikiria muda mrefu.

Kwa ambao hamfuatilii hoki ya barafu, Stanley Cup ndo kombe kubwa kuliko yote kwenye huo mchezo, ila enzi hizo halikuwa la ligi moja. Bingwa wa NHL, ligi ya mashariki mwa Kanada, alikuwa anakutana na bingwa wa ligi ya pwani ya magharibi iliyoitwa PCHA, na kila ligi ilikuwa na sheria zake, mashariki wanacheza watu sita na magharibi saba, basi kwenye fainali wanapokezana, leo sheria zenu kesho zetu. Mwaka huo Montreal Canadiens wakapanda treni wakavuka bara zima kuwafuata Seattle Metropolitans kwao, timu ileile iliyowafunga 1917 ikawa timu ya kwanza ya Marekani kubeba kombe hilo. Wa kwanza kushinda mechi tatu ndo bingwa.

Na mechi zilikuwa moto aisee. Machi 19 Seattle wakawachapa 7-0. Ya pili Montreal wakajibu 4-2 na magoli yote manne kafunga mtu mmoja, Newsy Lalonde. Ya tatu Seattle tena, 7-2, safari hii Frank Foyston ndo kaweka manne. Ya nne sasa, hiyo ningetoa chochote niione, dakika 60 hakuna goli, zikaongezwa 20 bado hakuna, Georges Vézina golini kwa Montreal, Hap Holmes kwa Seattle, hakuna anayekubali kufungwa, imeisha 0-0 na wachezaji hoi bin taabani. Ya tano Seattle wanaongoza 3-0, kombe wanaliona kabisa, Montreal wakarudisha moja moja mpaka 3-3 halafu Jack McDonald akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza. Mbili kwa mbili, sare moja.

Kwenye hiyo mechi ya tano beki wa Montreal, Joe Hall, alitoka nje hajiwezi, na haikuwa uchovu. Ilikuwa ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ambayo 1918 ilikuwa imeshafika mpaka Mombasa. Aprili 1 ilitakiwa ipigwe mechi ya kuamua, lakini Hall, Lalonde, McDonald, Louis Berlinquette, Billy Coutu na hata bosi wa timu George Kennedy wote wako kitandani, mechi ikafutwa saa chache kabla haijaanza. Kennedy akaomba kuazima wachezaji wa Victoria, timu nyingine ya PCHA, ili wamalizie, Frank Patrick aliyekuwa rais wa PCHA akakataa. Basi Kennedy akasema kombe chukueni. Na Muldoon, kocha wa Seattle, akasema hapana.

Wanaomlaumu wana hoja moja wanayoipenda sana, jumlisha magoli, Seattle 19 Montreal 10. Sawa, lakini fainali ile haikuwa ya kuhesabu magoli, ilikuwa ya kuhesabu mechi, na kwa mechi walikuwa sawasawa, tena walioshinda ya mwisho ni Montreal. Hoja nyingine ni kwamba sheria ni sheria, usipotokea umepoteza. Hapo ndo naona watu wanachanganya mambo. Ushindi wa mezani ni adhabu, unampa mtu aliyegomea mechi, aliyechezesha mchezaji asiyeruhusiwa, aliyekimbia. Sasa mtu homa imempanda mpaka nyuzi 40 yuko hospitali anahangaika kupumua, huyo kakosa nini mpaka aadhibiwe? Muldoon alikuwa amewaona wale watu kwa macho yake mechi tano, alijua hawajakimbia mtu.

Mimi nilianza kuielewa vizuri hii habari 2020, corona iliposimamisha michezo yote na kila mtu anataka ligi yake imalizweje, huyu anasema futeni, yule anasema mpeni anayeongoza. NHL walifanikiwa kumaliza, waliwafungia wachezaji Toronto na Edmonton bila mashabiki na Tampa Bay wakachukua. 1919 hiyo nafasi haikuwepo.

Joe Hall alifariki Aprili 5 hukohuko Seattle, miaka 37, mtu ambaye 1912 na 1913 alishabeba kombe hilohilo na timu ya Quebec. Yeye na Lalonde walikuwa maadui wakubwa uwanjani miaka ya nyuma, wanapigana kwelikweli, walipokuja kuwa timu moja Montreal wakawa wanalala chumba kimoja. Kennedy alipona ila afya yake haikurudi tena, akafa 1921. Sasa niambie ukweli, ungelishika hilo kombe ungelinyanyua vipi?

Na Muldoon hakukataa kitu kidogo. Mwaka uliofuata Seattle walifika tena fainali wakafungwa na Ottawa, 1924 timu ikavunjwa, uwanja wao ukageuzwa sehemu ya kuegesha magari, kwahiyo 1917 ndo ilibaki mara yao pekee. Lakini ukienda kulitazama kombe lenyewe, mstari wa 1919 una majina mawili, Montreal Canadiens na Seattle Metropolitans, na chini yake imeandikwa kwamba fainali haikumalizika.